Picha za mama na mtoto katika uchoraji wa impresionisti

Katika uchoraji wa impresionisti wa Ufaransa, yaani mtindo wa karne ya 19 wa kunasa mwanga na maisha ya kila siku kwa brashi ya haraka, picha ya mama na mtoto huonyesha malezi yakiwa yanaendelea: kuogesha, kunyonyesha, kulaza, kuvalisha. Hapo ndipo inapoachana na picha za kale za Bikira Maria na Mtoto Yesu, ambamo wawili hao mara nyingi wameketi wakitazamwa, na duara la nuru kichwani. Kwa waimpresionisti kila mtu ana shughuli yake.

Mfano bora ni “Kuogesha Mtoto” ya mwaka 1893, kazi ya Mary Cassatt, Mmarekani aliyefanyia kazi Ufaransa. Ipo katika jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, Marekani. Kimo chake ni sentimita 100 hivi na upana 66. Mwanamke amempakata mtoto aliyefungwa kitambaa cheupe kiunoni. Mkono mmoja umemshika, mwingine unamwosha mguu ndani ya beseni. Tunawatazama kutoka juu, ndiyo maana sakafu inaonekana kama imeinuka. Mtazamo huo, pamoja na mistari mipana ya gauni, unatokana na chapa za Kijapani (picha zilizochapwa kwenye karatasi) ambazo Cassatt aliziona kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1890. Vichwa vimegusana na macho ya wote wawili yameelekea kwenye beseni. Macho ya mtazamaji nayo huishia hapohapo.

Wanaoiga mtindo huu hukosea zaidi kwenye brashi. Nguo na ukuta hupigwa haraka, lakini uso na mikono hujengwa taratibu. Ukilegeza brashi kila mahali, mtoto anamezwa na shuka. Kosa jingine ni kivuli cha nguo nyeupe. Ukikichora kwa nyeupe iliyochanganywa na nyeusi, kitambaa kinaonekana kichafu. Tumia buluu, zambarau au kijani hafifu, kwa sababu nyeupe huakisi rangi za vitu vilivyo jirani. Na kwa kuwa mtoto hatulii, pasteli (vijiti vya rangi kavu) inafaa kuliko rangi ya mafuta: haihitaji kusubiri ikauke. Cassatt aliitumia sana.

Mchoraji Mfaransa Berthe Morisot alichora “Kitanda cha Mtoto” mwaka 1872 na kukionyesha kwenye maonyesho ya kwanza ya kundi la waimpresionisti, Paris, 1874. Dada yake Edma anamtazama bintiye Blanche aliyelala. Mama amekunja mkono shavuni, mtoto naye amekunja wake, na katikati yetu na mtoto kuna chandarua. Hicho kitambaa chepesi, kinachoficha nusu na kuonyesha nusu, ndicho sehemu ngumu kuliko zote kwenye turubai hiyo.

Usidhani kila mwanamke pichani ni mzazi. Cassatt hakuwa na mtoto, na mara nyingi aliwatumia wanawake na watoto wasio na undugu. Katika picha moja ya Morisot ya karibu 1880, anayenyonyesha ni yaya aliyeajiriwa. Mtoto ni Julie, binti wa mchoraji mwenyewe. Jinsia nayo hudanganya: katika picha ya mwimpresionisti mwenzao, Renoir, ya mwaka 1878 ya Bibi Charpentier na wanawe, watoto wote wawili wamevaa magauni yanayofanana, ila yule aliyeketi kando ya mama ni mvulana, Paul, aliyevalishwa kama dada yake kwa desturi ya wakati ule.