Otchestvo: jina la baba katika ofisi za Urusi

Kadi ya kikazi ya Mrusi huwa na majina matatu, na wageni wengi hukosea hapohapo, kabla hata chai haijaletwa. Tuchukue mfano wa kubuni: Sokolova Olga Petrovna. Sokolova ni jina la ukoo, Olga ni jina lake mwenyewe, na Petrovna ndiyo otchestvo, yaani jina linalotokana na la baba. Kwa lugha yetu, huyu ni Olga binti Pyotr.

Aliyezoea bin na binti hapati shida kuelewa. Tofauti ni kwamba Warusi hawaweki neno katikati. Wanabadilisha mwisho wa jina la baba. Mtoto wa kiume wa Ivan ni Ivanovich, wa kike ni Ivanovna. Wa Sergei ni Sergeevich na Sergeevna. Majina machache ya kiume yanayoishia kwa -a yana njia yake: watoto wa Ilya ni Ilyich na Ilyinichna, wa Nikita ni Nikitich na Nikitichna.

Kazi ya otchestvo ofisini ni heshima. Kwetu mtu mzima huitwa kwa mwanawe, Mama Asha au Baba Juma. Mrusi huitwa kwa baba yake. Mkurugenzi, mhasibu mkuu, mhadhiri au afisa wa wizara huitwa kwa jina lake pamoja na otchestvo: Olga Petrovna. Jina la ukoo halitajwi. Wanafunzi wa Kiafrika waliosoma Moscow, katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu kilichoanzishwa 1960 na baadaye kupewa jina la Patrice Lumumba, walilazimika kulijua hili mapema, kwa kuwa mwalimu wa Kirusi haitwi kwa jina tupu.

Pamoja na otchestvo huja kiwakilishi vy, namna ya heshima ya kumwambia mtu mmoja "wewe". Katika barua rasmi huandikwa kwa herufi kubwa. Ty ni ya marafiki, ndugu na watoto, na anayependekeza kuihamia huwa ni mkubwa kwa umri au cheo. Mgeni asubiri aalikwe.

Makosa yanajirudia. La kwanza ni kudhani otchestvo ni jina la ukoo na kuandika "Bwana Petrovich". Petrovich peke yake hutumika kwa utani wa kirafiki, mara nyingi kwa fundi mzee aliyezoeleka, si kwa meneja uliyekutana naye leo. La pili ni kuchanganya Petrova na Petrovna: la kwanza ni jina la ukoo, la pili ni la baba, herufi moja tu inayatenganisha. La tatu ni kuunganisha jina la mkato na otchestvo. Sasha ni mkato wa Aleksandr, lakini "Sasha Ivanovich" hakuna. Ama Sasha, ama Aleksandr Ivanovich.

Matamshi nayo yana mtego kwetu, maana Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema Serge-E-vich umekosea; ni Ser-GE-evich. Otchestvo kwa kawaida hukazwa palepale jina la baba linapokazwa. Na usishtuke ukisikia majina yamebanwa: Aleksandr Aleksandrovich mdomoni huwa San Sanych. Hilo waachie wenyewe.

Kabla ya mkutano, mwombe katibu majina yote matatu. Ukiona sahihi ya O. P. Sokolova, hiyo P ndiyo otchestvo na huwezi kuikisia. Uliza tu: Kak k Vam obrashchatsya? yaani, nikuite vipi? Barua rasmi huanza Uvazhaemaya Olga Petrovna! kwa mwanamke, Uvazhaemyi kwa mwanamume, pamoja na alama ya mshangao, ambayo hapo haina ukali wowote.

Kampuni nyingi za teknolojia zimeacha otchestvo, na Mrusi anayeongea nawe Kiingereza mara nyingi atajitambulisha kwa jina moja tu. Mwite alivyojitambulisha. Ila mkirudi kwenye Kirusi na mkalimani akasema Andrei Nikolaevich, mfuate mkalimani.

Wewe mwenyewe hutarajiwi kuwa na otchestvo. Kwenye fomu kisanduku chake mara nyingi huambatana na maneno pri nalichii, yaani kama lipo. Hapa mwenye majina matatu kwenye pasipoti awe macho: karani anaweza kulitia jina la kati humo, wakati kwenye viza limeunganishwa na la kwanza. Chagua mpangilio mmoja kwenye tafsiri ya pasipoti iliyothibitishwa na mthibitishaji, kisha mkataba, benki na kibali cha kazi vifuate huohuo, herufi kwa herufi.