Je, wajua kwa nini ujumbe wa kosa hukataa kuingia kwenye faili?

Tuseme uko Lamu, na binti yako ameandika programu ndogo, iitwayo `maji`, ya kukokotoa saa za maji kujaa na kupwa. Manahodha waendao Pate wanaihitaji hesabu hiyo, maana mkondo wenye kina kifupi hupitika maji yakijaa. Yakipwa, chombo hukwama. Binti anafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika `maji > ratiba.txt`. Saa zote zinaingia kwenye faili, lakini mstari mmoja, "tarehe 14 haina data", unabaki kwenye skrini. Kwa nini?

Kwa sababu programu inapoanza hupewa njia tatu: 0 ya kupokea, 1 ya matokeo na 2 ya makosa. Kwa kawaida 1 na 2 huishia kwenye skrini ileile, basi mtu hudhani ni njia moja. Alama ya `>` huelekeza kwenye faili njia 1 peke yake.

Njia ya makosa haikuwepo tangu mwanzo. Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta ambamo njia hizi zilitokea, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs, Marekani. Miaka ya 1970 watafiti wa hapo walipata mashine ya kupanga chapa kwa mwanga juu ya karatasi ya picha, ambayo ilibidi isafishwe kwa dawa ndipo isomeke. Steve Johnson, mmoja wao, amesimulia jinsi watu walivyotuma kazi, wakangoja, kisha wakapata karatasi yenye sentensi moja iliyopigwa chapa safi kabisa: faili haifunguki. Hasara hiyo ilipojirudia, makosa yakapewa njia yake. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa busara sana. Nahodha anayesoma ratiba anataka saa tu, na programu nyingine itakayoisoma faili hiyo ingeweza kuukwaa ule mstari wa tarehe 14 ikavurugika.

Zipo pia programu za dirisha zinazoendesha amri kwa niaba yako, zikionyesha matokeo kwa rangi moja na makosa kwa nyekundu. Hapo utakutana na ajabu nyingine: kosa la mwisho laweza kutokea juu ya matokeo yaliyotangulia. Programu nyingi zikiandikia skrini hutoa mstari mmoja mmoja, ila zikiandikia faili au bomba (njia ya kupitisha matokeo ya programu moja hadi nyingine) hukusanya kwanza maelfu ya herufi, ndipo zikazimwaga kwa mkupuo. Makosa kwa kawaida hayasubiri. Dirisha linapokea mabomba mawili tofauti, wala hakuna alama inayoliambia kipi kiliandikwa kwanza.

Ukitaka makosa yawe na faili lake, andika `maji > ratiba.txt 2> makosa.txt`. Ukiyataka yote pamoja, `maji > ratiba.txt 2>&1`, kwa mpangilio huohuo: ukitanguliza `2>&1`, njia 2 itafuata mahali njia 1 ilipokuwa wakati huo, yaani skrini, na makosa yatabaki palepale.