Aliyepigwa Radi Hana Umeme, Mguseni

Jumamosi nilikuwa Mbagala Rangi Tatu nikiwafundisha madereva wa bodaboda huduma ya kwanza. Nilipofika kwenye radi, kijana mmoja akanikatisha: "Lakini sista, aliyepigwa radi si haguswi? Umeme unabaki mwilini. Hata Flash ndiyo maana anatoa cheche vile." Wenzake wakaitikia. Kumbe usiku wa kuamkia siku ile walikuwa kibanda umiza, wameangalia sehemu ya kwanza ya The Flash, tamthilia ya Marekani ya shujaa aliyepigwa radi, ile iliyotafsiriwa.

Naijua, wanangu wameimaliza yote. Ilianza kuonyeshwa Marekani Oktoba 2014. Barry Allen, ndiye Flash mwenyewe, yuko maabara usiku wa mvua, radi inapenya paa la vioo na kumrusha kwenye rafu za kemikali. Analala bila fahamu miezi 9, kisha anaamka na mbio zisizo za kibinadamu. Kama hadithi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hilo neno "haguswi". Nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, miaka mingi kabla ya Flash, na sasa limepata picha ya kulishuhudia.

Jamani, sikilizeni. Radi hupita mwilini kwa muda ulio chini ya kufumba na kufumbua, ikaishia ardhini. Mwili wa binadamu si betri. Ukimgusa papo hapo, hutarushwa. Anayesimama pembeni akingoja "umeme utoke" anangoja kitu ambacho hakipo, na mwenzake anakufa kwa kukosa pumzi.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Radi huweza kuusimamisha moyo ghafla, na papo hapo ikailaza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Mara nyingi moyo huanza tena wenyewe. Pumzi huchelewa. Moyo unadunda lakini damu haina oksijeni, basi baada ya dakika chache unasimama mara ya pili, na safari hii kuurudisha ni kazi ngumu mno. Maana yake, yule mnayemwona maiti chini ya mwembe huenda alihitaji tu kupuliziwa pumzi. Ndiyo sababu radi ikipiga watu wengi, utaratibu wetu wa ajali hugeuka: anza na aliyenyamaza. Anayelia na kugaagaa kwa kawaida ataishi.

Kama hapumui, weka mikono katikati ya kifua, kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2 kila baada ya mikandamizo 30. Kama ngurumo bado zinaendelea, mburute kwanza hadi ndani ya nyumba. Na tafadhali msimfukie kwenye mchanga ili "ardhi inyonye umeme". Nimewahi kupokea mgonjwa mwenye mchanga mpaka puani.

Nadhani dhana hii imetokana na waya. Aliyeng'ang'aniwa na waya wa Tanesco haguswi kweli mpaka umeme ukatwe, kwa sababu umeme bado unapita. Watu wamechukua sheria sahihi ya waya wakaivika radi. Zitenganisheni.

Mengine nayapitia haraka. Michirizi myekundu mfano wa majani ya kangaga kwenye ngozi ya aliyepigwa si chale za mchawi. Ni alama ya umeme uliopita, na huondoka yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Ndala za mpira hazikingi kitu: radi imekata kilomita kadhaa za hewa, sentimita 2 za mpira haitazihesabu. Ndani ya gari uko salama kwa sababu ya bodi ya chuma inayokuzunguka, wala si matairi. Bajaji ya turubai haina kinga hiyo, na bodaboda ndiyo kabisa. Simu ya mkononi haiiti radi. Kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili si kweli: jengo la Empire State pale New York hupigwa zaidi ya mara 20 kwa mwaka.

Kuhusu Barry mwenyewe: aliyelala kitandani miezi 9 haamki na tumbo la misuli iliyogawanyika vipande. Misuli huyeyuka, na kusimama tu hufunzwa upya na mtaalamu wa fiziotherapia. Takriban watu 9 kati ya 10 wanaopigwa radi huishi, ila wengi hubaki na kusahausahau, kukosa usingizi, maumivu ya neva au ngoma ya sikio iliyotoboka. Wakiwaambia ndugu zao, huambiwa wanajidekeza. Mleteni hospitali hata kama anatembea, apimwe moyo na masikio.

Yule kijana nilimpigisha magoti mbele ya mwanasesere wa mazoezi. Alianza kwa nguvu sana, dakika ya pili mikono ikalegea, akataka kuendelea hivyo hivyo. Nikamtoa, nikamweka mwenzake. Kila dakika 2 mnapokezana, na wa kupokea awe ameshapiga magoti upande wa pili kabla wa kwanza hajanyanyua mikono.