Rangi ya njano kupotea si betri

Kwenye makala za betri za lithiamu-salfa picha ni ileile kila mara: chupa mbili, moja njano, nyingine ng'avu kama maji ya kunywa, na chini yake imeandikwa kwamba oksidi ya metali, iliyotiwa humo kama unga, "imekamata polisalfaidi" (misombo ya lithiamu na salfa inayoyeyuka kwenye elektroliti, yaani kimiminika cha betri, na kuitoroka kathodi, upande wa salfa), kwa hiyo betri ya boda ya kutoka Githurai hadi Ngong na kurudi iko mlangoni. Haiko.

Li2S6, polisalfaidi ya jaribio hilo, ndani ya viyeyusho DOL na DME hupoteza rangi kwa sababu nyingi. Unyevu wa unga pekee huiharibu; ukisikia harufu ya yai viza, ndiyo hiyo. Kausha kwenye ombwe, nyuzi 120, usiku kucha. MnO2, oksidi ya manganizi, nayo haiishiki polisalfaidi tu, inaoksidisha na kuunda thiosalfeti usoni pake. Vizuri, ila hiyo ni kazi nyingine. Halafu linganisha oksidi kwa eneo la uso, jamani, si kwa gramu! Ukitaka mita za mraba 5, oksidi yenye 10 kwa gramu utapima nusu gramu. Yenye 100, miligramu 50.

Linaloniudhi zaidi ni imani kwamba kadiri oksidi inavyoing'ang'ania polisalfaidi ndivyo bora. Polisalfaidi iliyonasa juu ya Al2O3, oksidi ya alumini isiyopitisha umeme, itapata wapi elektroni? Sharti itambae hadi kwenye kaboni inayopitisha umeme, na ikishikwa mno haitambai: salfa hiyo imekufa ukiitazama. TiO2 ya kawaida, oksidi ya titani, ina ugonjwa huohuo. Ti4O7 hupitisha umeme, lakini kuipata unaichoma TiO2 kwenye hidrojeni karibu nyuzi 1,000, chembe zinashikamana, uso unapungua. Umeme umeupata, uso umeulipa. (Na rutaili, madini ya titani ya Kwale? Ni TiO2, ya ukubwa wa mchanga. Tuendelee.) Nitridi ya titani inasifiwa sana, ila uso wake huoksidika hewani, nami nina shaka kama sifa hizo zote ni za nitridi.

Seli (betri ndogo ya majaribio) yenye salfa miligramu 1 kwa sentimita ya mraba na elektroliti mikrolita 20 kwa miligramu humpendeza kila mtu. Njoo na miligramu 5 na mikrolita 5, kama betri halisi. Oksidi ikiwa asilimia 20 ya kathodi, uzito wake uhesabiwe. Ile 1,675 mAh kwa gramu, kikomo cha nadharia cha chaji, ni ya salfa peke yake. Na kama ulitia LiNO3 (nitrati ya lithiamu) kwenye elektroliti, yenyewe huikinga anodi ya lithiamu, upande wa pili wa betri, kwa hiyo tengeneza seli pacha yenye LiNO3 bila oksidi, na ya tatu ambamo kaboni tupu imechukua nafasi ya oksidi, uzito uleule. Hiyo ya tatu ndiyo isiyoonekanaga pichani.