Mtungi Huu Ulifinyangwa na Nani?

Wageni wakiingia kwenye chumba cha Wamakonde katika makumbusho yetu hukimbilia vinyago. Husimama mbele ya kile cha kuvaliwa kifuani: tumbo la mimba, maziwa yaliyosimama, chale zilizojipanga hadi kitovuni. "Huyu ndiye mwanamke wa Kimakonde," husema. Huwa nawaomba wasubiri kidogo. Kinyago kile kilichongwa na mwanamume, na aliyekivaa ngomani naye ni mwanamume. Ni kazi nzuri na naipenda, lakini mkono wa mwanamke haupo pale.

Mkono wake upo kwenye mtungi, ule unaowekwa pembeni na kadi ya maneno mawili: "Mtungi, Newala". Usogeleeni. Ufinyanzi huku kwetu ni kazi ya akina mama. Udongo uliinuliwa kwa vidole bila gurudumu, ukalainishwa, ukachorwa kabla haujakauka, kisha ukachomwa kwa moto wa wazi. Ukitazama vizuri shingoni, mistari yake inafanana na chale za mwilini.

Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, hauna mito juu yake. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa yote. Watu waliweza kuishi kule juu kwa sababu wanawake walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda mlima na mitungi kichwani, kila siku. Anayesimulia makazi ya Newala akaiacha safari hiyo, hajasimulia kitu.

Kilwa, mkoani Lindi, tunamjua Mfalme Fatima binti Muhammad kwa kuwa barua zilizotoka huko mwaka 1711 bado zimehifadhiwa Goa, India. Wino ulimlinda. Wafinyanzi wetu hawakupata wino. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, na tangu enzi hizo mazoea yamekuwa yale yale: kuandika kabila na mahali, aliyetengeneza akasahauliwa.

Tunapowaomba watu vitu vya kuweka hapa, vifaa vya unyago hatuviombi. Siri za kungwi zikae kwa kungwi, hata kama kabati letu litabaki na nafasi.

Ila mwenye mtungi wa bibi yake nyumbani, kabla ya kutuletea, aketi naye kwanza. Amuulize nani aliufinyanga, udongo ulichimbwa wapi, kisima kiliitwaje, na njia ya kushukia ilipita wapi. Bibi akiwa na nguvu za kusafiri, njooni naye. Kadi tutaiandika mbele yake, na akiridhia, jina la mfinyanzi litatangulia la kabila.