Madafu hayaleti busha

Huku Pangani na Muheza bado kijana hukatazwa madafu asije akapata busha. Dafu halina hatia. Mabusha mengi ya pwani, pamoja na matende, huletwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu: kuleksi anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na maji machafu, na anofelesi, yule yule wa malaria.

Ugonjwa huu hupita bila kuonekana kwa sababu ya saa. Mchana watoto wa minyoo hujificha mapafuni. Usiku hutoka huko na kuingia kwenye mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, wakizidi kati ya saa 4 na saa 8. Damu ikitolewa saa 3 asubuhi, hadubini inaweza isione kitu, na mtu akarudi nyumbani akijua ni mzima. Kipo kipimo cha utepe kinachotafuta antijeni, yaani chembe zinazotoka kwa minyoo, kwa damu ya kidole, saa yoyote. Kiulizie.

Dawa za kingatiba, ivermektini na albendazoli, huua hasa watoto wa minyoo. Minyoo wakubwa huishi miaka kadhaa, ndiyo maana dawa hurudiwa kila mwaka. Haziondoi maji yaliyokwisha kujaa kwenye busha. Hiyo ni kazi ya upasuaji hospitalini, kwani yakinyonywa kwa sindano hurudi.

Mguu wenye matende uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe taratibu hadi katikati ya vidole. Ufa mdogo pale ndio mlango wa bakteria, na kila homa inayofuata huzidisha uvimbe.