Mzee ana inhela mbili, mbona anatumia moja tu?

Mzee wangu ni fundi wa kulehemu vyuma Kariobangi. Ameambiwa ana ugonjwa sugu wa mapafu akapewa inhela mbili, lakini hushika ile ya bluu tu, tena akibanwa. Kuna ubaya?

Upo. Ya bluu, ambayo kwa kawaida ni salbutamol, hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache, na baada ya muda wa saa 4 hadi 6 nguvu yake imekwisha. Ile nyingine ni ya kila siku, abanwe asibanwe. Ndiyo inayopunguza zile safari za usiku za kukimbizwa hospitali.

Shida ni kwamba mgonjwa huamini dawa anayoihisi. Ya bluu anaihisi papo hapo. Ya kila siku haimwambii kitu, na kwa sababu wiki mbili zimepita bila kubanwa, anaona amepona. Kumbe hajabanwa kwa sababu alikuwa akiitumia! Kwa mwenye pumu hali ni mbaya zaidi: akimaliza mikebe 3 au zaidi ya bluu kwa mwaka, hiyo peke yake ni dalili ya hatari.

Yeye anasema ukizoea inhela huwezi kuiacha.

Maneno hayo yamezagaa mtaani, na si kweli. Ugonjwa ndio hauondoki. Wala mzee si mkaidi wa ajabu: mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya wenye magonjwa sugu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa. Hapa Nairobi ongezea ugumu wa bei, na aibu ya kuvuta dawa ndani ya matatu watu wakikukodolea macho. Kama tatizo ni pesa, aseme kliniki mapema badala ya kuruka siku kimyakimya. Huenda ikapatikana ya bei nafuu.

Anavuta, lakini haoni tofauti.

Mwambie avute ukimtazama. Wengi hubonyeza dawa ikaishia kooni. Ya mkebe hutikiswa kwanza. Apumue nje, abane midomo kwenye inhela, aanze kuvuta taratibu huku akibonyeza mara moja, kisha azuie pumzi kama sekunde 10. Ya unga ni tofauti: huvutwa haraka na kwa nguvu.

Mkono na pumzi visipopatana, atumie kikasha cha kuvutia (spacer), kinachoishika dawa kwanza ndipo aivute. Hata chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kubana mdomo wa inhela, hufanya kazi. Mhudumu wa kliniki awaonyeshe. Kama dawa ina steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, asukutue kinywa na kutema, asije akaota utando mweupe wa kuvu mdomoni.

Vidonge vya salbutamol si rahisi zaidi?

Kwa bei, ndiyo. Lakini hupitia damuni, hivyo mikono hutetemeka na moyo hudunda kuliko kwa inhela.

Na moshi wa kazini?

Dawa haiufuti. Afanyie kazi mahali penye hewa, na kama anavuta sigara, aache.

Ni lini tusingoje?

Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, akianza kuchanganyikiwa, au ya bluu isipomsaidia. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mbebe inhela zote mbili.